Soma Mpaka Sura ya Thelathini na Sita

Mimi si mwanasheria. Nilisoma theolojia Makumira, nikabarikiwa kuwa mchungaji wa Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri, na sasa ninahudumu Isongole, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, mahali ambapo malori hupakia viazi mchana kutwa na ukungu hushuka kabla jua halijazama. Hata hivyo huu ni mwaka wa nne ambapo kila Julai ninasimama mbele ya wanafunzi wa shahada ya uzamili ya sheria na kuwafundisha sehemu ya somo lao la mbinu za utafiti. Washarika huniuliza, wengine kwa utani, kama nimeacha Injili nikahamia mahakamani. Nimeona niwajibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lenyewe linagusa imani yetu kuliko wanavyodhani.

Ilianza kwa simu. Mhadhiri mmoja wa sheria, mzaliwa wa huku kwetu Rungwe, alikuwa na wanafunzi kumi na wawili wanaojua kutafuta hukumu kwenye mtandao wa TanzLII kwa kasi ya ajabu, lakini wakitoka nje ya maktaba wanapotea. Mada yao ilikuwa mirathi ya Wakristo waliokufa bila kuacha wosia. Aliniomba wakae wiki moja kwenye ukumbi wa usharika, niwafundishe namna ya kuzungumza na wazee, kusoma madaftari ya Kanisa na kupima neno la shahidi. Nilikubali kwa sharti kwamba yeye naye akifundisha upande wake, mimi nikae nyuma nisikilize. Nilitaka kujua watu wa sheria wanautafutaje ukweli. Wenzetu hawa, kama sisi, wamekabidhiwa maandiko yaliyoandikwa na watu waliokwisha kufa, na wanatakiwa kuyasema upya kwa mtu aliye hai mbele yao.

Nieleze kwanza sheria yenyewe, maana wengi wetu tunaishi chini yake bila kuijua. Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Kuna sheria za kimila. Kuna sheria ya Kiislamu kwa Waislamu. Na kuna Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliitunga kwa ajili ya India na baadaye wakaileta huku walipotutawala. Mkristo Mwafrika akifa bila wosia, haijulikani papo hapo ni ipi itakayotumika. Mahakama huuliza kwanza: marehemu aliishi vipi? Je, aliishi kwa kufuata mila za kwao, au alikuwa amezipa kisogo akaishi maisha mengine? Wanasheria huita jambo hilo kipimo cha mfumo wa maisha.

Jibu lake hubadilisha kila kitu. Kwa ile sheria ya 1865, mjane aliyeachwa na watoto hupata theluthi moja ya mali, na watoto theluthi mbili. Kwa kanuni za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, katika Tangazo Na. 436, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu lake mwenyewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Anachopewa ni kutunzwa na watoto wake. Hata mlango wa kuingilia ni tofauti: Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na ile inayofuata sheria ya 1865 inatakiwa ianzie juu yake. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajataja nyumba, ng'ombe wala shamba, swali la kwanza linalowekwa mezani ni hili: huyu tuliyemzika aliishi kama nani? Wapendwa, ni mara ngapi sisi wenyewe tunaulizana hivyo kanisani? Mahakama inauliza, na inaandika jibu.

(Kwa wale ambao wameanza kuogopa: andikeni wosia. Mbele ya mashahidi, mkiwa wazima, msingoje kitanda cha hospitali. Nimelisema mara nyingi kwenye matangazo ya Jumapili nami sitachoka.)

Siku ya kwanza mhadhiri aliwapa hukumu ya mwaka 1969, ya mirathi ya Innocent Mbilinyi. Huyu alikuwa Mngoni aliyeishi mbali na kwao na aliyeoa mke Mchaga. Mahakama Kuu ilitazama maisha yake, ikaona alikuwa amejitenga na maisha ya kimila, ikatumia sheria ya 1865. Mwanafunzi mmoja akasimama haraka akasema basi kazi imekwisha, kila Mkristo aliyefunga ndoa kanisani yuko kwenye kundi hilo. Mhadhiri hakumkatalia. Alimwomba afungue dirisha, akamwonyesha kilima cha ng'ambo, akamuuliza: yule anayepalilia viazi pale mpakani na shamba la kaka yake, anayezungumza Kinyakyusa na mkewe, anayekwenda kanisani Jumapili na kwenye kikao cha ukoo Jumatatu, amejitenga na nini? Wakarudi kuisoma upya hukumu ile, safari hii wakitenganisha kile kilichoamuliwa na mambo ya huyo mtu yaliyoifanya mahakama iamue vile. Asubuhi yote ilikwisha kwa kurasa chache tu.

Zamu yangu ilipofika niliwapa kazi ya Biblia. Miongoni mwao kulikuwa na dada Mwislamu kutoka Tanga. Nilimuuliza kama ataona vibaya, akacheka, akasema Musa ni wa wote. (Na kwenye hesabu za mafungu alituzidi sote, kwa kuwa mambo ya theluthi na thumuni aliyazoea tangu madrasa.) Niliwapeleka Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kwa binti watano wa Selofehadi. Baba yao amefia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Wanasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na kuhani Eleazari na wakuu wote, wanadai urithi wa baba yao. Musa hajibu kwa kichwa chake. Analipeleka shauri lao mbele za Bwana, na jibu linakuja kwamba wana haki, tena linafanywa kuwa kanuni kwa Israeli yote. Nikawaambia: andikeni ukurasa mmoja, mnieleze Torati inasemaje juu ya urithi wa binti asiye na kaka.

Waliandika vizuri sana. Wawili hata walinigusa moyo. Lakini kumi kati ya kumi na wawili waliishia sura ya 27. Ukiendelea mpaka sura ya 36 utawakuta wakuu wa koo wa kabila lile lile wamekuja kulalamika: hawa binti wakiolewa nje, ardhi yetu itahama nao. Na shauri linafunguliwa tena. Haki yao haifutwi, ila inawekewa masharti, waolewe ndani ya kabila la baba yao. Kisha nenda Yoshua sura ya 17, uone kwamba Musa amekwisha kufa, nchi inagawanywa, na wale binti inabidi waende tena mbele ya wakubwa kukumbusha walichoahidiwa. Anayehubiri sura ya 27 peke yake anahubiri habari njema, lakini hajui ilivyokwenda mbele. Mwanafunzi aliyeniambia kwamba hilo ni jambo la wahubiri alinyamazishwa na mhadhiri wake baada ya saa moja tu, kama mtakavyoona.

Kuna kesi ambayo wanafunzi wa sheria nchini huipenda mno. Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba mkoani Kagera, alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikakataa, na mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ikasema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Ni hukumu nzuri. Ukiisoma unapata hamu ya kupiga makofi.

Wanafunzi waliijaza kwenye kazi zao kama ndiyo mwisho wa habari. Mhadhiri akawaambia: nanyi mmeishia sura ya 27. Akawatuma watafute kilichofuata. Wakakuta wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu za waume wao, wakaomba Mahakama Kuu izitangue kanuni za mirathi za lile tangazo la 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzitangua, ikihofia kwamba mila zote zingeanza kupingwa mahakamani. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu, bila kugusa kiini. Wajane wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema nchi yetu ilivunja haki zao. Nilimwona kijana mmoja akifuta aya nzima kwenye kompyuta yake, kimya kimya, kama mtu anayechimbua mti alioupanda mahali pasipofaa.

Mwenzangu huyo ana ukali mmoja ambao nimeuiba na kuuleta kwenye kundi la wainjilisti wetu. Hamruhusu mwanafunzi kutaja sheria bila kutaja toleo alilosoma, kwa kuwa kitabu cha mwaka 2002 na cha mwaka 2019 vinaweza kuwa na maneno tofauti katika kifungu kile kile. Hamruhusu kutumia tangazo la mila bila kwanza kuangalia limetajwa kwa halmashauri zipi. Na hamruhusu lumbesa. Hili neno lilikuwa langu. Mnajua gunia la viazi linavyofungwa hapa kwetu, likisha kujaa linaongezewa kofia ya kamba juu mpaka ni gunia na nusu, na mkulima analipwa gunia moja. Kuna mwanafunzi alitaja hukumu kumi na nne kwa hoja moja. Tulipozipekua, tatu tu ndizo zilizohusika. Nyingine zilikuwa kofia. Tangu siku hiyo ukumbini neno lumbesa lina maana mpya.

Siku ya tatu tulitoka kwenda kwa wazee. Mwanafunzi mmoja alikuja na nakala za kurasa za Monica Wilson, mtafiti aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, na ambaye vitabu vyake bado vinasomwa duniani. Humo imeandikwa kwamba zamani mali ya mtu ilipita kwa ndugu yake wa tumbo moja kabla ya kumfikia mtoto wake mkubwa. Kijana alimsomea hayo mzee mmoja wa Kanisa, tena kwa heshima zote, akamuuliza kama ndiyo mila. Mzee akakubali. Mzee wa pili, nyumba ya tatu kutoka pale, akakataa kabisa, akasema siku hizi ni watoto. Nikawaambia wasiandike bado, twende nyuma ya nyumba, jikoni, wamwulize bibi aliyekuwa akimenya magimbi. Bibi alisikiliza swali mpaka mwisho, akauliza kwa Kinyakyusa kama hao wazee wametaja kwamba wao wenyewe mashamba yao waliyapata kwa baba zao na si kwa baba wadogo. Hakuna aliyekuwa ametaja. Nikawafundisha hapo hapo, tukiwa tumesimama kwenye moshi: kitabu cha miaka ya 1930 ni shahidi wa miaka ya 1930, mzee anayesema mila ilivyo anaweza kuwa anasema anavyotamani iwe, na aliyekaa jikoni amehudhuria vikao vyote bila kuitwa.

Jambo jingine niliwalazimisha kulifanya jioni: kueleza kwa Kiswahili kile walichosoma kwa Kiingereza, kwa mtu ambaye hajasoma sheria. Kiswahili ni lugha ya Mahakama za Mwanzo tangu zamani, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Mwanafunzi aliyeshindwa kumweleza mlinzi wa usharika maana ya hukumu yake alirudishwa kwenda kuisoma tena. Mlinzi wetu alifurahia sana kazi hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mama mwenyewe amenipa ruhusa, na nimeondoa yanayoweza kumtambulisha.

Mwaka jana, baada ya masika, alifariki mshirika wetu mmoja. Alikuwa amebatizwa, amepata Kipaimara na kufunga ndoa katika Kanisa hili hili. Miaka sita kabla ya kufa kwake aliwekwa chini ya marudi ya Kanisa, kwa kuwa alikuwa amefungua nyumba ya pili Kiwira na kuzaa huko watoto wawili. Hakuwahi kutengeneza. Alipokufa, wazee wa kanisa walikwenda kuomba na familia, lakini kengele haikupigwa wala mchungaji hakuvaa kanzu. Ndivyo utaratibu wa usharika wetu ulivyo, nami niliufuata. Wiki chache baadaye shemeji za mjane wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, wakiambatanisha muhtasari wa kikao cha ukoo: marehemu aliishi kimila, aliolea kimila, na hata Kanisa lilimkataa. Mjane akaja ofisini na bahasha mkononi.

Julai ilikuwa imefika na wanafunzi walikuwapo. Kwa idhini yake mhadhiri aliisoma ile bahasha, akamwelekeza kwa mtu wa msaada wa kisheria, kisha akawagawa wanafunzi makundi mawili. Kundi moja litafute kila kinachowasaidia shemeji, jingine kila kinachomsaidia mjane, na kila kundi lianze na ukurasa wenye yale yote yanayolipinga. Aliwakataza kumshauri mtu. Kazi yao ilikuwa kutafuta.

Kundi la shemeji ndilo lililokuja kwanza kuomba daftari la washarika. Wakaufikia mstari wake, wenye tarehe na neno moja: ametengwa. Nilijua watakapofika. Kundi la mjane liliposikia, mmoja wao alinijia pembeni akauliza kama Kanisa linalazimika kuonyesha ukurasa huo. Jioni mjane naye akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, "Mchungaji, ukurasa huo nao lazima uende?"

Nilimjibu kwamba daftari hilo si langu, ni la usharika mzima, na nikianza kuchagua kurasa leo kwa ajili yake, kesho mwingine atanitaka nichague dhidi yake. Alitikisa kichwa akaondoka. Usiku ule sikulala vizuri. Amri ya nane tunayowafundisha watoto wa Kipaimara, ile inayokataza ushahidi wa uongo, ni nyepesi sana ubaoni. Mbele yangu ilikuwa inaweza kumtoa mama mwenye watoto wanne kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, na kilichokuwa kinamtoa ni mwandiko wa Kanisa lake.

Asubuhi yake, kabla ya chai, kundi la mjane lilikuwa limegoma kuamini kwamba ule mstari ndio mwisho. Walikuwa wamejifunza sura ya 36. Yule dada wa Tanga aliuliza swali ambalo mchungaji angetakiwa aulizwe na Mlutheri: "Mchungaji, Kanisa huwa linamtenga mtu asiye wake?" Nikasema hapana, haiwezekani, marudi ni kwa mshirika, ili arudi. "Basi," akasema, "mstari huu unasema alikuwa wenu mpaka lini?" Wakaomba madaftari mengine. Katika daftari la sadaka ya ahadi, kwa miaka yote sita aliyokuwa chini ya marudi, jina lake lilikuwapo. Mwaka mmoja shilingi elfu arobaini, mwaka mwingine magunia mawili ya viazi ya ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti. Mzee wa kanisa wa mtaa wake akakumbuka kwamba alikuwa akikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kwamba akiona meza ya Bwana inaandaliwa anainuka taratibu na kutoka nje, anasimama chini ya mti mpaka ibada iishe, kisha anarudi kusalimiana na watu. Miaka sita, Jumapili baada ya Jumapili. Sheria inauliza mtu aliishi vipi, na nadhani hakuna hukumu iliyowahi kueleza kuishi kwa namna hiyo.

Msidhani basi kwamba kundi moja lilishinda. Kundi la shemeji nalo lilifanya kazi yake kwa uaminifu, na lilichokipata kilinisumbua zaidi. Ikiwa sheria ya 1865 ndiyo itakayotumika, wale watoto wawili wa Kiwira, waliozaliwa nje ya ndoa, wako hatarini kutopata kitu, wakati ukoo ulikuwa umewatambua na kuwataja kwenye kikao. Shemeji ambao sote tulikuwa tumewachukia kidogo kidogo walikuwa, katika jambo hilo moja, wamewakumbuka watoto ambao Kanisa halikuwa na daftari lao. Wanafunzi wakaendelea kutafuta mpaka wakafika kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake. Wakaandika yote, pamoja na pale sheria hizo mbili zinapovutana. Mhadhiri aliwapa alama za juu kwa sababu hawakuufunga mjadala kwa nguvu.

Niliitwa mahakamani mwezi wa tisa. Hakimu alikuwa mama kijana, mpole. Aliuliza kama marehemu alibatizwa, nikasema ndiyo, nikataja tarehe. Aliuliza kama alitengwa, nikasema ndiyo, nikataja tarehe. Shemeji mkubwa akaomba niulizwe kama nilimzika, nikaeleza tulivyofanya, bila kengele na bila kanzu. Kisha hakimu akauliza kama siku anakufa alikuwa Mkristo. Nikasema alikuwa Mkristo aliye chini ya marudi ya Kanisa, na kwamba kwetu sisi ubatizo haufutwi na marudi, kisha nikakabidhi daftari la washarika na lile la ahadi, yote mawili. Hakimu aliandika maneno yale kama nilivyoyasema, kwa mkono, polepole. Nilikuwa nimezoea maneno yangu juu ya wafu kusikilizwa na kusahauliwa kabla chakula cha msibani hakijaiva. Tangu siku hiyo nimeomba baraza la wazee tuzungumze upya jinsi tunavyowazika walio chini ya marudi. Mazungumzo hayo bado yanaendelea, na si mepesi.

Mahakama iliona kwamba mirathi hiyo si ya kwake, ikawaelekeza wahusika mlango mwingine. Mjane akafungua huko, na baada ya miezi kadhaa akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Alipokuwa akiandaa orodha ya warithi alikuja ofisini na karatasi yenye majina ya watoto wake wanne, akaniomba nimwandikie chini yake majina ya wale wawili wa Kiwira, kwa kuwa mwandiko wake si mzuri. Nilimtazama. Akasema, "Wale watoto hakuna aliyewatenga." Hakujua tahajia ya jina la yule mdogo, ikabidi ampigie simu mama yao. Walizungumza kifupi, kwa Kinyakyusa, kama watu wanaouliziana bei ya mbolea, na mwishoni yule wa upande wa pili akasema ndaga.

Nyumba imebaki kwa mjane. Kuhusu kipande cha shamba kilicho karibu na mianzi, shemeji zake bado wanabisha, na shauri hilo litatajwa tena mwezi ujao.